Nani Hubaki Nyumbani Msimu wa Karafuu

Bibi alianguka usiku wa kuamkia Ijumaa, akirudi kutoka chooni. Choo cha nyumba yake kiko uani, hatua ishirini na mbili kutoka mlango wa nyuma. Jirani aliyemkuta alfajiri alimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kanga imelowa umande, anasubiri kukuche. Hakuvunjika mfupa. Alipoulizwa kwa nini hakuita, alisema watu walikuwa wamelala.

Mimi nilikuwa Chake Chake wakati huo, nimepanga chumba, nakusanya mahojiano ya tasnifu yangu ya uzamili. Nilipanda daladala la kwanza kwenda kijijini kwetu, karibu na Mtambile. Kabla sijashuka, habari zilikuwa zimeshafika Dar es Salaam, Unguja na Muscat, na kundi letu la WhatsApp la ukoo lilikuwa linawaka moto. Shangazi mkubwa alitaka Bibi apelekwe kwake Temeke. Shangazi mdogo, anayeishi Unguja, aliuliza nani atamshughulikia huko Temeke wakati watu wote wanatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini. Kisha ami yangu wa Muscat akatuma sauti ya dakika nne. Nakumbuka mwanzo wake: "Sitaki kusikia habari za Limbani. Sisi si watu wa kutupa wazee wetu. Mila yetu haina hayo."

Limbani ni mtaa wa Wete ilipo nyumba ya wazee ya serikali hapa Pemba. Hakuna aliyekuwa ameitaja. Ami aliitaja mwenyewe ili aikatae, na nyuso nyekundu za hasira zilizofuata kutoka kwa binamu zangu zilionyesha kwamba wengi walifurahi kuikataa pamoja naye.

Niliisikiliza sauti ile mara mbili, nimekaa kizingitini, Bibi ndani anakunywa uji. Ami alikuwa na hakika kabisa na neno mila. Mimi nasomea historia, na katika somo letu mtu akisema "mila yetu" unafundishwa kuuliza: tangu lini, na mila ya nani?

Tuanze na karafuu, maana Pemba ukiuliza lolote utafika kwenye karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaiacha ya Pemba imesimama. Tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa, kwa sehemu kubwa, watumwa walioletwa kutoka bara: Wayao, Wanyasa, Wazaramo, Wamanyema na wengineo. Mtu aliyeletwa hivyo alikuwa amekatwa na ukoo wake. Hakuwa na mjomba wa kumlalamikia wala shangazi wa kumkimbilia. Akizeeka, chakula chake kilitegemea aliyemmiliki. Kulikuwa na wenye mashamba waliowalisha watumwa wao wazee mpaka wakawazika, na kulikuwa na wasiofanya hivyo.

Kisha ikaja amri ya Aprili 1897, iliyotolewa na Seyyid Hamoud bin Mohammed kwa shinikizo la Waingereza. Skuli tunafundishwa kwamba mwaka huo utumwa ulikomeshwa Unguja na Pemba, lakini amri yenyewe haikumfungulia kila mtu mlango siku moja. Aliyetaka uhuru alipaswa aende mwenyewe kuudai, na mwenye kummiliki alipwe fidia. Masuria hawakuingizwa, wao walisubiri mpaka 1909. Ndani ya amri hiyo kulikuwa na sharti ambalo nililisoma mwaka wa kwanza wa masomo nikalipita haraka: aliyetambuliwa kuwa huru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujikimu, vinginevyo angehesabiwa mzururaji.

Wakati ule niliona sharti la kuwabana vijana wasiache kuchuma karafuu, na ndivyo lilivyokuwa. Baada ya Bibi kuanguka nililisoma tena. Safari hii nilimwona mwanamke wa miaka sabini, mgongo umepinda, anaambiwa: wewe huru, sasa tuonyeshe unapolala. Kijana angeweza kuonyesha mikono yake. Mzee angeonyesha nini? Serikali ilikuwa imempa uhuru wa kuondoka, na hakuwa na pa kwenda.

Walio wengi hawakwenda kabisa kwenye ofisi za serikali. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980 juu ya mashamba ya Zanzibar na pwani ya Kenya baada ya utumwa, anaeleza jinsi watu walivyofikia mapatano mapya na wenye ardhi: unajenga kibanda, unalima muhogo wako, na wewe unapalilia chini ya mikarafuu. Kwa mwenye nguvu, mapatano hayo yalikuwa na maana. Kwa asiyeweza kushika jembe yalikuwa na maana iwapo tu kuna mtu ndani ya kibanda anayeweza kulishika badala yake.

Wamisionari walijaribu. Waquaker walifika Pemba mwaka huohuo wa 1897, wakaanzisha shamba lao la Banani, karibu na Chake Chake. Waanglikana wa UMCA walikuwa Wete. Kule Unguja, wamisionari wa Kikatoliki waliendesha nyumba ya maskini na wagonjwa ya Walezo, kwa msaada wa fedha za serikali. Walezo ndiyo Welezo ya leo, na mpaka sasa jina hilo likitajwa watu huwaza wazee. Lakini nyumba hizo zilikuwa chache. Wazee waliobaki mashambani walikuwa wengi kuliko vitanda.

Kwa hiyo waliishi na nani?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye kazi ya Elisabeth McMahon, mwanahistoria aliyechapisha mwaka 2013 kitabu juu ya utumwa na ukombozi, na Pemba ndiyo kiini chake. Anafuatilia neno heshima. Neno hilo lilipokuwa la mwenye mali na nguvu, mtumwa hakuwa na lake. Baada ya 1897, watu waliokuwa watumwa walilichukua wakaliishi kwa namna nyingine: kuvaa vizuri, kuswali na wenzako, kuwa jirani wa kutegemewa, kuwa na watu watakaosimama na wewe. Mtu asiye na ukoo alijitafutia ukoo. Alijenga karibu na fulani, akamlea mtoto wa fulani, akamwita fulani ndugu, na baada ya miaka thelathini nani angebisha?

Kiswahili kilikuwa na neno tayari kwa mmoja wa ndugu hao. Mjoli ni mtumwa mwenzako, mliyekuwa chini ya bwana mmoja. Neno hilo siku hizi hulisikii. Nilipolitumia katika mahojiano yangu, mzee mmoja alinitazama, akaniuliza chai yangu imepoa au bado, na tukazungumza mambo ya mvua.

Sheria nayo ilikuwa na nafasi yake. Katika fikihi, mzazi asiyejiweza ana haki ya kutunzwa na watoto wake. Hilo kila mtu analijua, na Ami alilitaja kwenye sauti yake. Lakini asiye na mtoto je? Mirathi hugawiwa kwa mafungu yanayojulikana, na jirani aliyekuogesha miaka kumi hana fungu. Unachoweza kumfanyia ni kumuusia, na wasia hauvuki theluthi ya ulichoacha. Njia nyingine ilikuwa wakfu: wako wenye mali waliotenga nyumba au kipande cha shamba ili watu waliowaacha huru wakae humo na vizazi vyao. Ukiziangalia theluthi na wakfu kwa pamoja, unaona watu waliojua vizuri sana kwamba damu peke yake haimtoshi kila mzee, wakaacha upenyo.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalileta jibu jingine. Serikali ya Karume ilisema mzee asiye na mtu ni wa taifa. Unguja zikajengwa nyumba za wazee Sebleni, na watu wa rika la Bibi bado huzitaja kwa fahari, hata wale wasioipenda serikali. Mashamba yaligawiwa eka tatu tatu. Majumba ya ghorofa, yale ya maendeleo, yakapanda Michenzani na baadaye Wete, Chake Chake na Mkoani. Nyumba ya Limbani ni ya ukoo huo wa fikra. Unaweza kuilaumu fikra hiyo kwa mengi, lakini ilitamka kwa sauti jambo ambalo mila ya Ami inalinong'ona: kwamba kuna wazee wasio na mtu, na njaa yao ni aibu ya wote.

Jambo lililofuata halikupangwa na yeyote. Pemba iliondokwa na watu wake. Waliondoka kwa ajili ya siasa, kwa ajili ya bei ya karafuu, kwa ajili ya kazi. Baada ya 1970 wako waliofuata asili zao Oman. Wengine wakaenda Mombasa, Tanga, Dar. Januari 2001, baada ya mauaji ya waandamanaji, watu wapatao elfu mbili walivuka bahari kwa majahazi kwenda kuomba hifadhi Shimoni, Kenya. Kila wimbi liliacha nyuma nyumba yenye mzee mmoja na simu. Ami yangu aliondoka na begi dogo miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo bati la nyumba ya Bibi, tangi la maji na televisheni asiyoitazama vimetoka kwake. Kitu ambacho hawezi kutuma ni mkono wa kumshika Bibi saa nane za usiku.

Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi wake aliyefika miaka 70 Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama ana mali, ana watoto au alikuwa mwajiriwa. Chini ya Rais Hussein Mwinyi kiwango kimepandishwa hadi 50,000. Fedha hizo si nyingi, lakini nimeona zinavyofanya kazi. Bibi huzifunga ncha ya kanga, na siku ya malipo yeye ndiye humpa mjukuu nauli. Ikaja pia sheria ya masuala ya wazee ya mwaka 2020. Vyote viwili vinamtambua mzee kama mtu mwenye haki zake mwenyewe. Hakuna hata kimoja kinachojua choo chake kiko hatua ngapi.

Shangazi mdogo alikuja na boti ya Jumanne. Anauza vitumbua, ana miaka hamsini na moja, na kabla hajavua baibui aliuliza: "Tunatafuta wapi?" Kuna watu wanaozungumza na kuna watu wanaovuka bahari. Tulitafuta siku tatu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jamaa yetu wa mbali, Wete, katika moja ya majumba ya maendeleo. Alitupokea vizuri mno. Chumba kilikuwa kisafi, na dirishani unaona bahari. Shangazi alikwenda moja kwa moja chooni, akarudi, akasifu, akanywa juisi. Tulipokuwa tunashuka ngazi alikuwa anahesabu. "Ghorofa ya tatu," aliniambia chini. "Mama akipanda hapa leo, atashuka siku ya jeneza."

Nyumba ya pili ilikuwa upande wa Konde, ua mkubwa wenye watu wasiopungua kumi, watoto, mbuzi, kicheko. Niliipenda. Nilimwona Bibi katikati ya kelele zile. Shangazi akauliza swali ambalo nisingelifikiria: "Msimu wa karafuu nani hubaki nyumbani?" Mwenyeji akajibu kwa uaminifu. Msimu ukishika, wote huhamia shamba, nyumba hufungwa, na mzee mtu humpitia jioni. Wapemba wote tunajua hali hiyo. Karafuu zikiwa tayari hazisubiri. Zikichanua zimeharibika thamani. Hata skuli huwa na madawati matupu. Nyumba iliyojaa watu mwezi wa tano inaweza kuwa na paka peke yake mwezi wa kumi.

Nyumba ya tatu ilikuwa nje kidogo ya Chake Chake, ya muuguzi mstaafu, mjane, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Nesi. Haina kibao. Yeye, binti yake na mke wa mwanawe wanawatunza wazee wawili wa kike: mmoja shangazi yake mwenyewe, wa pili mama wa watu wanaoishi Mombasa. Ilianza kwa kumsaidia shoga yake wa hospitalini, akasema, ikaendelea. Choo kiko ndani, sakafu ya saruji isiyoteleza, na ukutani kuna bomba la chuma la kushikilia ambalo mwanawe alilikata kwa fundi wa mageti. Msikiti uko karibu kiasi cha kusikia adhana bila spika.

Shangazi alimhoji kama polisi. Usiku nani anaamka? Wanapokezana. Nani anaogesha? Wanawake watupu. Dawa ziko wapi? Kwenye kopo la maziwa, daftari pembeni, saa zimeandikwa. Msimu wa karafuu? "Karafuu zinakuja hapa," Mama Nesi alisema. "Vijana wanachuma, wanaleta, sisi na wazee tunachambua ukumbini. Katika sisi watatu, mmoja hatoki." Kisha akasema mambo ambayo nyumba mbili za kwanza hazikuyasema. Asiyeweza kumeza, asiyeweza kugeuka kitandani, yeye hana uwezo naye. Hapo ni hospitali. Akiugua yeye, binti yake atashika. Akiugua na binti, "nitakupigieni simu, na mtakuja." Bei yake ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mchele na sabuni juu yetu.

Tulipokuwa tunaaga akatuuliza yeye swali lake moja: "Siku yake ikifika, nani atakuja kumwosha? Na mnamzika wapi? Nataka kujua sasa, si siku hiyo."

Shangazi hakujibu mpaka tulipofika barabarani. "Huyu," alisema, "anajua kazi."

Usiku ule kundi la WhatsApp lilikataa. Au tuseme Ami alikataa na wengine wakanyamaza, jambo ambalo kwetu ni kitu kimoja. "Tumlipe mtu ili ampende mama yetu?" aliandika. "Watu watasemaje? Watoto wanne, wamemweka mama yao kwa watu baki." Watoto walikuwa wanne, kweli, mmoja wao alikuwa baba yangu, ambaye ametangulia mbele ya haki. Kisha akaandika kuhusu asili yetu, Uarabuni, na watu wa asili yetu wasivyofanya mambo haya. Ami hupenda kuitaja asili yetu. Hakuna aliyewahi kuniambia jina la kijiji.

Tulikuwa tumekubaliana kutomwambia Bibi chochote mpaka watoto wake waafikiane. Asubuhi yake nilikuwa namkunia nazi, naye amekaa ananitazama ninavyoharibu kazi, akasema, "Mumepata nyumba?"

Nikamwambia yote: ngazi za Wete, mbuzi wa Konde, bomba la chuma. Nikamwambia na maneno ya Ami kuhusu watu baki.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaninyooshea kidole kile chumba cha uani, karibu na choo, ambacho mimi nimekijua maisha yangu yote kama mahali pa kuwekea majamvi ya karafuu. "Unajua alikuwa akikaa nani mle?"

Nilijua kwamba palikuwa na kikongwe zamani. Tulikuwa tunatishwa naye utotoni.

"Nimekuja hapa mwali wa miaka kumi na saba," Bibi alisema, "nimemkuta. Kipofu. Mama mkwe wangu akanipa ndoo, akanambia, huyu ndiye kazi yako ya mwanzo. Nimemwogesha miaka minne. Kafa mikononi mwangu, kabla ya Mapinduzi. Nimemwosha mimi, kamzika babu yako."

"Alikuwa nani wetu?"

"Hakuwa wetu kwa damu." Alichukua kifuu mkononi mwangu, akakiweka kwenye mbuzi sawasawa. "Alikuwa mjoli wa bibi yake babu yako."

Nilikuwa nimekwishauliza swali la utumwa katika nyumba ishirini na moja za kisiwa hiki. Kwetu sikuliuliza. Sentensi ile ilikuwa na watu wawili ndani yake. Yule wa chumba cha uani alikuwa mtumwa wakati mmoja. Na mwenzake, bibi yake babu yangu, mwanamke ambaye ukoo wetu wote unatoka kwake, alikuwa hivyohivyo.

"Ami anajua?"

"Yeye hajui. Baba yako alijua." Akakuna nazi. "Hao watu wawili walikuwa hawana mtu. Wakaambiana, wa kwanza kufa azikwe na wa pili. Wa kwanza alikuwa huyu wetu. Basi watoto wake wakalibeba lile deni, na wajukuu wakalibeba, mpaka likanifikia mimi niliyetoka kwetu Kengeja na sikuwa na habari. Ami yako anasema mila. Mila ndiyo ile."

Nilimuuliza naye alijisikiaje wakati ule, mwali wa miaka kumi na saba, kupewa ndoo. Alisema alilia wiki nzima. Baadaye akamzoea. Kikongwe alikuwa na maneno makali, na alikuwa anajua kumsuka mtu nywele kwa kupapasa. Bibi hakuichukulia kazi ile kuwa ya mapenzi tangu mwanzo. Mapenzi yalikuja, lakini ndoo ilitangulia.

Nimerudi kwenye maneno hayo mara nyingi nikiandika tasnifu yangu. Wanaoona aibu kumlipa Mama Nesi wanaamini kwamba zamani utunzaji wa wazee ulikuwa moyo mtupu, na kwamba pesa ndiyo imeuingia juzi. Ninavyoisoma historia ya kisiwa hiki, tangu 1897 kumekuwa na mapatano ndani yake: kibanda kwa palizi, theluthi kwa miaka ya kuogeshwa, kaburi kwa kaburi. Watu waliokatwa na koo zao walijenga nyumba ndogo ndogo za kutunzana, wakaziita ukoo, nasi wajukuu zao tumezoea jina hilo hata tukasahau kwamba lilijengwa. Ndani ya chumba chetu cha uani aliishi miaka mingi mtu baki. Nyumba kama ya Mama Nesi tulikuwa nayo sisi wenyewe.

Sisemi kwamba kila mzee apelekwe kwa Mama Nesi wake. Anaweza kuchoka. Hakuna anayemkagua zaidi ya majirani na watoto wa wale wazee, na kama angekuwa mtu mbaya, daftari la dawa lisingetuokoa. Ndiyo maana Shangazi aliuliza maswali, na ndiyo maana nimepewa kazi ya kwenda kila Jumamosi bila kupiga simu kwanza.

Nilimpigia Ami usiku, sauti tupu, bila kundi. Nilimweleza habari ya chumba cha uani kama nilivyoelezwa. Bibi alinipa ruhusa, kwa sharti: nimwambie yeye kwa mdomo, na nikija kuandika, jina la kikongwe nisiliandike. "Alinisitiri mengi," alisema. "Nami namsitiri." Ami alikaa kimya muda mrefu kiasi cha mimi kuangalia kama simu imekatika. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia sasa tunajua watatu. Akasema anakwenda kuswali.

Siku tatu hakuandika chochote popote. Siku ya nne fungu lake la fedha likaingia kwa Shangazi, la miezi mitatu kwa mpigo, bila neno. Jioni yake akanipigia. Hakutaja asili, hakutaja mjoli, na mimi sikumkumbusha. Aliuliza jambo moja tu.

"Hicho choo, umesema kiko ndani?"

Bibi alihamia kwa Mama Nesi mwezi wa Agosti, na mbuzi yake ya nazi, mkeka wake wa kuswalia na kinu ambacho tulimwambia hakihitajiki. Mgeni wa kwanza kumtembelea alikuwa jirani aliyemkuta asubuhi ile. Wiki mbili za mwanzo hakula vizuri, na Jumamosi moja aliniambia nimrudishe kwake; nilikwenda kulia nyuma ya nyumba, kisha nikarudi nikakaa naye mpaka Magharibi. Jumamosi iliyofuata hakusema tena.

Msimu ulipoanza, nilimkuta ukumbini na wale wazee wawili, miguu imenyooshwa juu ya jamvi, rundo la karafuu mbichi katikati, vidole vyote vimekuwa rangi moja. Alikuwa anamwambia mama wa watu wa Mombasa kwamba anachambua vibaya, anaacha makonyo ndani. Mwenzake alijibu kwamba amechambua karafuu tangu kabla Bibi hajazaliwa. Mke wa mwanawe Mama Nesi alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Nikavua viatu, Bibi akanisogezea kirundo changu.